Usiwahoji walengwa peke yao

Mdogo wangu, umesema utafiti wako unahusu haki katika mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania) wa kunusuru kaya maskini, na umepanga kuwahoji walengwa wa kijiji kimoja. Ukiishia hapo utarudi na shukrani tupu. Watafute na walioachwa nje.

Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji, halafu kaya hujaziwa dodoso kuhusu makazi na mali zake ili kupima umaskini wake. Uliza mkutano ulifanyika siku gani, saa ngapi. Mama aliyekuwa shambani akipalilia, nani alimtaja? Na bibi ambaye mwanawe alimwezekea bati kabla hajafariki: bati lipo, chakula hakuna. Watu kama hao ndio kiini cha kazi yako, kaa nao sana.

Kisha linganisha na Zanzibar. Tangu Aprili 2016, Pensheni Jamii hutolewa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi bila kupima umaskini. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Binafsi naupenda utaratibu huo, ingawa nao unamtaka mzee athibitishe umri na ukaazi wake.

Kwa mwenyekiti utapiga hodi kwanza, hilo ni lazima, ila usikubali akuchagulie watu wa kuhoji.