Kadi ya benki ilale chumbani: jibu kwa ndugu anayempeleka mkewe kasino

Ndugu yangu, usifanye hivyo. Umeandika kwamba wewe na mkeo mtapanda boti kwenda Dar es Salaam kwa mapumziko ya siku tatu, kwamba siku moja nzima mmeitenga kwa ajili ya kasino, na kwamba umekwisha kujifunza njia ya kucheza rangi nyekundu kwenye ruleti, ule mchezo wa kubahatisha gololi italala kwenye rangi gani ya gurudumu, kwa kuongeza dau maradufu kila unapokosa, mpaka utakapopata. Halafu ukauliza kuhusu mavazi, kuhusu poka, na kuhusu mahali pazuri pa kula chakula cha jioni. Mimi niliishia kwenye neno «maradufu», kwa sababu neno hilo lilinigharimu shilingi 990,000 kati ya alasiri na magharibi ya siku moja, na nyingi katika hizo zilikuwa fedha za mabati ya nyumba tunayoijenga Fuoni. Walionitangulia kukujibu kwamba kamari ni haramu wamesema kweli, nami sina hoja ya kuwapinga. Ninaleta hesabu tu, maana hesabu ndiyo niliyoilipia.

Aliyenifundisha ni dereva wa watalii wa Paje, mtu mwenye maneno matamu kuliko halua, aliyenitoza 30,000 kwa somo la nusu saa chini ya mwembe. Aliniambia kwamba nyekundu haiwezi kukataa mara sita mfululizo, na alilisema jambo hilo kwa utulivu wa mtu anayekutajia saa ya maji kujaa. Hakunieleza kwamba gurudumu la ruleti lina nafasi 37, ambapo nyekundu ni 18, nyeusi ni 18, na moja ni sifuri ya kijani ambayo si yako wala si ya jirani yako, bali ni ya mwenye nyumba, yaani kasino. Hakunieleza kwamba gololi haina kumbukumbu, wala kwamba huko Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo huku watu wakimimina fedha zao kwenye nyekundu kwa imani ileile aliyoniuzia mimi. Nilipomrudia na kumweleza yaliyonipata, alisema kwamba nilikosa subira. Ningependa kujua subira hiyo inauzwa duka gani, maana mimi sikubakiwa na fedha za kuinunulia.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa. Niliingia na 400,000, nikaanza na dau la 10,000, na kwa muda wa saa moja nilikuwa mfalme: nikikosa naongeza, nikipata narudi kwenye 10,000, mpaka faida ikafika 140,000. Nilikwisha kuanza kuchagua rangi ya mabati. Kisha, kwenye dau la 10,000, ikatoka nyeusi, nikaweka 20,000, nyeusi, 40,000, nyeusi, 80,000, nyeusi tena, 160,000, na mara ya tano gololi ikarukaruka, ikagonga ukingo wa nyekundu namba 32, ikalala kwenye sifuri kana kwamba imefika kwao. Hapo 310,000 zilikuwa zimekwenda, nilibakiwa na 230,000, na somo la chini ya mwembe lilinitaka niweke 320,000.

Mke wangu alikuwa kwenye meza ya poka, na hapa nikujibu swali lako la poka kwa ufupi. Ipo poka unayocheza dhidi ya kasino yenyewe, hiyo ni ndugu wa ruleti, iache; na ipo ile ambayo wachezaji wanachuana wao kwa wao huku kasino ikikata sehemu yake ndogo, na hiyo ndiyo aliyoikalia mwenzangu. Yeye amekulia karata za ukumbini kwa bibi yake, na anajua kutupa. Nilimwona kwa macho yangu akiwa na shupaza nne na akihitaji ya tano ili ashinde, ikiwa imebaki karata moja tu kufunguliwa, na akitakiwa kuweka 40,000 ili agombee 60,000 zilizokuwa mezani. Alizifunika karata zake na kuzisukuma mbele kwa kidole kimoja. Baadaye alinieleza kwamba shupaza zilizosalia zilikuwa tisa kati ya karata 46 asizoziona, yaani nafasi moja katika tano, na kwamba bei ile haikuwa ya nafasi moja katika tano. Aliingia na 100,000, na nilipomfikia alikuwa na 145,000. Mimi, bwana mwenye mfumo, nikamwinua kitini na kumwomba 100,000.

Alinitazama tu, akanipa. Nikaweka 320,000. Nyeusi.

Dau la saba lilipaswa kuwa 640,000, na hapo ndipo nilipokisoma kibao kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu alasiri: dau la chini 10,000, dau la juu 500,000. Hata ningekuwa na fedha za Bakhresa, mfumo ungekomea hapo. Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilikwenda kwenye mashine ya ATM iliyokuwa karibu na mlango, nikatoa mara mbili mpaka zikatimia 500,000, nikarudi mbiombio nisije nikaikosa nyekundu «yangu», na nyeusi ikatoka mara ya mwisho. Mchezeshaji akazikusanya chipu zangu kwa adabu kubwa.

Nimeifanya hesabu mara nyingi usiku, kwa hiyo ichukue bure. Jaribio moja huanza na dau la 10,000 na kuishia unapopata au unapokosa mara ya sita. Kukosa mara sita mfululizo hutokea takriban mara moja katika kila majaribio 55. Majaribio 54 yatakupa 10,000 kila moja, ambayo ni 540,000. Hilo moja lililobaki litakunyang'anya 630,000. Huhitaji mkosi ili ushindwe, unahitaji kukaa tu.

Kwa hiyo kadi ya benki ilale chumbani, ndani ya sanduku, na ufunguo akae nao mkeo. Usiipeleke kwa nia ya kutoitumia, usimwambie aishike mkobani mkiwa ndani, kwa sababu utaiomba na atakupa, kama nilivyopewa mimi. Tiketi za boti za kurudi zikatwe kabla hamjaondoka bandarini Malindi, hapa Unguja. Zetu alizikata yeye, na ndiyo maana leo ninaandika nikiwa Unguja badala ya kuosha vyombo Kariakoo. Kiasi mtakachoingia nacho kihesabuni kama nauli iliyokwisha kulipwa. Mkeo akitaka kucheza poka, mwache acheze, na wewe kaa nyuma yake unywe soda.

Kuhusu mavazi, vaa viatu vya kufunika.

Kuhusu chakula cha jioni kwa wawili, sisi tulikula kwa zile 45,000 za mke wangu: chipsi mayai, sahani moja, vijiti viwili, na kachumbari aliiomba yeye.