Ili video yako irudiwe kutazamwa

Uliyeuliza kwa nini video ya wimbo wako, uliyoirekodi mjini Moshi, inatazamwa mara moja tu: droni na mlima havitoshi (na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kirekodi asubuhi mapema, saa nne mara nyingi mawingu yameshakifunika). Kwenye ubeti wa kwanza, weka jambo dogo nyuma ya mwimbaji, mfano mama anayerudisha tiketi dirishani pale stendi, na sababu yake ijulikane ubeti wa mwisho. Mtu atarudi kukagua. Ukitaka mwendo wa taratibu, rekodi fremu (picha moja moja za video) 50 kwa sekunde huku mwimbaji akiufuata wimbo unaochezwa kwa kasi maradufu, kisha hariri kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukiucheza kwa kasi ya kawaida midomo itaachwa nyuma, na mhariri hataweza kurekebisha bila kuondoa mwendo huo wa taratibu.