Likizo ndefu ikifika, nani anamwagilia miti ya chuo?

Vyuo vikifunguliwa tu, naanza kupokea ujumbe wa wanafunzi waliochaguliwa kuwa mawaziri wa mazingira kwenye serikali zao za wanafunzi, au waliojiunga na klabu wakapewa jukumu la kuanzisha mradi. Maswali yao hufanana: tupande miti mingapi, na ufadhili tutaupata wapi? Niliongoza klabu ya mazingira nilipokuwa mwanafunzi Dodoma, na tangu nihitimu sijaacha kuzifuatilia klabu za namna hii. Jibu langu ni moja. Kabla ya miti na kabla ya mfadhili, chukua almanaka ya chuo, iweke pembeni ya kalenda ya mvua, uzisome kwa pamoja.

Dodoma mvua ina msimu mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600. Kuanzia Mei ni upepo na vumbi mpaka mvua irudi. Sasa fungua almanaka. Mitihani ya mwisho inaisha Julai hivi, wanafunzi wanakwenda fildi, wakitoka huko ni likizo hadi Oktoba au Novemba. Maana yake ni kwamba mche uliopandwa Januari, ukifika kwenye miezi unayohitaji maji kuliko wakati mwingine wowote, aliyeupanda yuko kwao Mtwara au Bukoba. Na kama alikuwa mwaka wa tatu, harudi.

Hapo ndipo miradi mingi ya vyuoni inapofia. Vijana wana moyo, wanajitolea, wanachangishana hata kwenye bumu, hela yao ya mkopo ya kujikimu. Shida ni kwamba mradi umewekwa mikononi mwa watu ambao chuo kimepangwa kuwaaga kila mwaka. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, ambao huu mwingine wote unauegemea, ni kwamba tangu siku ya kwanza mradi uwe na mwenyewe ambaye haendi likizo ndefu na wala havai joho.

Watu hao wapo. Kuna watunza bustani wa Idara ya Miliki, inayosimamia majengo na maeneo ya chuo, kuna fundi bomba, akina mama wa usafi, mpishi mkuu wa kafeteria, na mlinzi wa geti la nyuma anayejua mbuzi wanapenyea wapi. Wengi wao wamekaa chuoni muda mrefu kuliko mhadhiri yeyote utakayemwalika kuwa mlezi wa klabu. Lakini kwenye siku ya uzinduzi utawakuta wamesimama pembeni wameshika majembe, wakisubiri mgeni rasmi apige picha.

Mimi elimu ya kupanda miti niliipata kwa mzee mmoja mtunza bustani. Tulimfuata siku moja na mchoro wetu, tumepanga mistari mizuri kutoka hosteli hadi maktaba. Tukamwamkia, akaitikia, akachuchumaa, akafukua udongo kidogo kwa kidole na kutuonyesha njia za mchwa. "Wajukuu zangu, hapa mkipanda mnawapikia hawa," akasema. Akatupeleka upande wa pili, kwenye kibonde ambako maji ya mvua ya paa la ukumbi hutiririkia, akasema mkwaju ungekaa hapo. Kule juu kwenye ukavu akatuambia tuweke miarobaini, kwa kuwa mchwa hawaipendi sana. Mashimo tukayachimba Oktoba, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu ukiwekwa upande wake na wa chini upande wake, ili mvua ya kwanza ikute shimo liko wazi.

Alitufundisha pia kuzungushia kila mche kisahani cha udongo ili maji yatuame, na badala ya kutandaza nyasi kavu, ambazo huita mchwa, kupanga mawe madogo kuzunguka shina bila kuligusa. Mawe yanazuia jua lisikaushe udongo, na Dodoma mawe hayanunuliwi. Jambo jingine, ambalo naliona likisahaulika kila ninapotembelea upandaji wa halaiki, ni kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Mche unashushwa shimoni na plastiki yake, mizizi inazunguka mle ndani, na baada ya miezi kadhaa mti unanyauka hata kama unamwagiliwa. Teua watu wawili ambao kazi yao siku hiyo ni kukata viriba na kuvikusanya tu.

Kuhusu idadi, acheni kutangaza miti mliyopanda. Tangazeni miti iliyovuka Novemba. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai, wakati huo akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliongoza upandaji wa miti saba katika bustani ya Kamukunji. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengi wanakumbuka tuzo. Mimi huwa nawakumbusha vijana utaratibu wake: akina mama waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliosalia hai. Malipo yalifuata uhai wa mche. Klabu ikiweza kumpa mtunza bustani chochote mwisho wa mwaka kwa miti iliyopona, hata kama ni posho ndogo iliyopitishwa kwa maandishi na Miliki, tofauti itaonekana.

Na kama eneo la chuo lina vichaka, pengine hamhitaji kupanda kabisa. Vijijini Dodoma kuna njia inayoitwa Kisiki Hai, ambayo shirika la LEAD Foundation wameieneza kwa wakulima wakishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Njia yenyewe ilipata umaarufu Niger miaka ya 1980 kupitia kazi ya Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia. Unatafuta kisiki kinachochipua, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogolea mengine, unafunga kitambaa ili watu wajue kisiki hicho kina mwenyewe, halafu unakilinda kisiliwe na mifugo. Mizizi iko chini tayari, imeshazoea ukame, kwa hiyo Septemba kisiki hakihitaji ndoo yako. Kwa chuo ambacho wanafunzi wanaondoka kiangazi chote, sijaona mradi wa miti unaoelewana na almanaka kama huu. Haupigwi picha nzuri, hilo ni kweli. Kisiki chenye vijiti vitatu hakimvutii mgeni rasmi. Fanyeni hata hivyo.

Nije kwenye taka, ambako nina jambo zito la kuwaomba.

Klabu nyingi huanza na mapipa ya chupa za plastiki. Zinakusanywa, zinauzwa kwa kilo, hela inaingia kwenye mfuko wa klabu. Kabla hamjaweka pipa hata moja, nendeni alfajiri mkaongee na wanaofagia hosteli. Mama mmoja wa usafi aliwahi kunieleza, huku akikanyaga chupa moja moja kuzibana kabla ya kuzitia kwenye kiroba, kuwa hela ya chupa ndiyo nauli yake ya daladala kwa wiki, maana mshahara wa kampuni ya usafi hukawia. "Mwanangu, hizi msizichukue," akaniambia. Hakuwa anatania. Katika vyuo vingi kazi ya kukusanya chupa kwa ajili ya kurejelezwa imekuwepo miaka yote, inafanywa na mikono ambayo ripoti haziitaji. Mkileta mapipa yenu mnamnyang'anya mtu kipato kwa jina la mazingira.

Mnachoweza kufanya ni kuwarahisishia. Watengeeni chumba kidogo au kona yenye kufuli ya kuhifadhia mzigo, ili wasilazimike kuuza kidogo kidogo kwa bei ya chini. Azimeni mizani. Wabandikieni wanafunzi tangazo kila ghorofa: chupa iwekwe hapa, imemwagwa maji, haijachanganywa na mabaki ya chipsi. Hela ibaki kwa akina mama. Sisi tulifanya hivyo na hatukupata hata shilingi, lakini hosteli zilibadilika, na mpango huo haukutuhitaji tulipoondoka.

Mabaki ya chakula nayo yapimwe kwa almanaka ile ile. Siku hizi vijana wanapenda kufuga nzi chuma, na ni kitu kizuri: funza wake wanamaliza mabaki kwa muda wa wiki mbili hivi na wanakuwa chakula cha kuku. Ila funza wanataka kula kila siku. Kafeteria ikifungwa Julai utawalisha nini? Kama hamna mfugaji jirani wa kuwachukua, chagueni mboji. Rundo la angalau mita moja kila upande, mabaki ya jikoni yakipishana na majani makavu na samadi, linaweza kupangwa Juni, likafunikwa, likanyunyiziwa maji na kugeuzwa mara chache na mtunza bustani. Mkirudi mnakuta mbolea ya kutia kwenye mashimo mvua zinapokaribia.

Maji ndiyo mradi ninaoupendekeza kwa klabu isiyo na hela kabisa. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza kama lita 20 hadi 30 kwa siku, ndoo nzima na zaidi. Pita kwenye bafu za ghorofa moja ya hosteli usiku, watu wakiwa wamelala, usikilize. Kinachohitajika mara nyingi ni washa ya mpira, ya bei ndogo sana dukani, na taarifa kumfikia fundi. Wekeni daftari kwa mlezi wa hosteli lenye nafasi nne: chumba gani, bomba gani, limeripotiwa lini, limetengenezwa lini. Kila Ijumaa mwanaklabu mmoja apeleke ukurasa kwa fundi bomba, na mwisho wa mwezi nakala iende kwa mkuu wa Miliki. Msimpeleke fundi kwa wakubwa kama mshitakiwa. Mpelekeni kama mtu anayehitaji vifaa, na daftari lenu liwe ushahidi wake wa kuombea vifaa hivyo. Fundi akiona daftari linamtetea, atalidai mwenyewe mwaka unaofuata.

Kwenye nishati mambo makubwa yanafanywa na uongozi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga paneli za jua za kilowati 600 kwenye mapaa yake mwaka 2014, na hiyo si kazi ya klabu. Ila kuna mlango. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Uongozi wa chuo unahitaji takwimu ili utekeleze: jiko la kafeteria linachoma kuni kiasi gani kwa wiki, sahani ngapi zinatoka, gesi au umeme ungegharimu kiasi gani. Wanafunzi wa uhandisi na wa uchumi wanaweza kuzikusanya kama utafiti wao wa mwaka wa mwisho. Mradi unaomsaidia mkuu wa idara kutimiza jambo ambalo tayari ameagizwa hauna haja ya kubembeleza.

Kuhusu fedha, wengi wanakimbilia mashirika ya nje. Mimi nawashauri waombe kidogo, lakini kutoka ndani. Mwaka wa fedha wa taasisi za umma unaanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi kadhaa kabla. Muulizeni afisa wa Miliki wanapeleka lini ya kwao, mfike na mahitaji mafupi: mpira wa kumwagilia, toroli, mkasi wa kupogolea, washa. Kifungu kikishaingia kwenye bajeti ya idara, mwaka unaofuata ni rahisi kukitetea kuliko kuanza upya. Hela ya mfadhili huisha na ripoti.

Halafu andikeni makabidhiano. Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili ambacho mtunza bustani na mlinzi wataelewa bila kutafsiriwa: miti iko wapi na ni ya aina gani, nani anashika ufunguo wa stoo, maji yanatoka bomba lipi, namba ya simu ya mnunuzi wa chupa, daftari liko kwa nani. Nakala moja kwa Mshauri wa Wanafunzi, moja Miliki, moja kwa mzee wa bustani. Msaini mbele ya viongozi wapya kabla ya mitihani kuanza, kwa sababu baada ya karatasi ya mwisho hamtampata mtu.

Kama mnafikiria msimu ujao wa mvua na mnataka mikwaju yenu wenyewe, mbegu zilowekwe usiku kucha kisha zisichelewe kuingia kwenye viriba: Agosti ni wakati mzuri, ili Desemba miche iwe na nguvu ya kuhamishwa. Agosti nyie mtakuwa fildi. Kwa hiyo nendeni Miliki kabla ya kufunga chuo, mkubaliane nani ataotesha na kitalu kitakaa wapi. Ikishindikana, ulizeni miche kwenye kitalu cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kilicho karibu nanyi, mapema, kabla taasisi nyingine hazijapeleka barua zao.