Silikanti hakushinda mbio zozote

Mmeuliza wiki hii: je, mageuzi ya viumbe ni maendeleo, na nini huamua nani asalie? Mimi fundi nyavu wa Tanga, nitajibu kwa samaki aitwaye silikanti.

Kuanzia 2004, majarife, nyavu kubwa zilizozamishwa kina kirefu kufuata papa, upande wa Kigombe, yalianza kutuletea silikanti. Ami yangu alipomwona wa kwanza alimgeuza kwa mguu. Mapezi yana vikonyo vya nyama kama mikono, magamba mazito, nyama mafuta matupu, ukila unaharisha. "Hana soko huyu," akasema. Kumbe wataalamu walidhani ukoo wake umetoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938.

Wengi humwita kiumbe wa kale asiyebadilika, kana kwamba alikataa shule. Si kweli. Wahenga wake walikuwa na pafu lenye kazi. La kwake limebaki limezungukwa na mafuta, maana anayeshinda mapangoni, mita 150 chini na zaidi, hapandi juu kuvuta hewa. Amebadilika kwa kupunguza. Tegu, mnyoo wa tumboni, kapunguza zaidi: hana mdomo wala utumbo, anafyonza chakula kwa ngozi, na hajapungukiwa kitu. Sasa hapo nani kaendelea na nani karudi nyuma?

Wengine watawajibu "mwenye nguvu mpishe". Kimondo kilipopiga Mexico, dinosaria wakubwa walikuwa na nguvu za kutosha. Waliovuka wengi ni viumbe wadogo, na dinosaria wachache wenye mabawa, ambao leo tunawaita ndege. Anayesalia ni yule ambaye watoto wake wanazaa pale alipo, kwa hali iliyopo siku hiyo. Hali ikigeuka, hesabu inaanza upya, na bahati ina fungu lake.

Utafiti wa 2021 uliosoma magamba ya silikanti ulikadiria kwamba jike hubeba mimba miaka mitano hivi, na huanza kuzaa akiwa kashapita miaka 50. Kule pangoni mwendo huo wa pole haukumdhuru. Mbele ya jarife unamuua, na yeye ni yuleyule; tuliogeuka ni sisi.

Tangu 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Ami bado anasema hana soko. Lakini jarife halijui soko, linanasa chochote kinachoenea kwenye macho yake, yaani matundu ya wavu, na macho hayo nayapima mimi.