Bibi aliona watu, sasa mama naye: je, ni mambo ya ukoo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 74 na ana demensia, ule ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Tangu mwaka jana anasema mkwe wake anamwibia vitenge, na usiku anaongea na watoto tusiowaona. Bibi mzaa mama alikuwa hivyohivyo. Wajomba wanasema ni mizimu ya ukoo, tukatambike. Je, nami nitarithi? – Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba, dada. Wajomba hawakukosea kuona kwamba jambo hili hujirudia katika familia. Takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wa Alzeima, aina ya demensia inayowapata wengi zaidi, hufikia kushuku watu au kuona visivyokuwepo. Mgonjwa ambaye ndugu yake wa tumbo moja alikuwa na Alzeima yenye dalili hizo huwa karibu zaidi na kuzipata. Lakini kinachorithiwa ni mwelekeo tu, na hujitokeza ubongo ukishaharibika. Kwako hatari imepanda kiasi. Hakuna kilichokwisha kuamuliwa.

Kinachonikera ni ramli. Mama tayari anamtuhumu mkwe. Mganga anauliza, "Nani mnamshuku?", kisha anamrudishia jina lilelile, na binti wa watu anafukuzwa nyumbani kwa wizi ambao haukutokea. Mara nyingine lawama humgeukia mzee mwenyewe: huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni na maneno yasiyoeleweka. Wangapi kati yao walikuwa wagonjwa kama mama yako?

Njia nyingine ya mkato ni sindano ya kutuliza kutoka duka la dawa. Kuona watoto waziwazi hivyo ni dalili inayojulikana sana ya demensia ya Lewy, aina nyingine ya demensia, na haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, kwa mgonjwa huyo inaweza kumkakamaza mwili, hata kumuua. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziandikwe onyo kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Muuza dawa anayemdunga mama bila kuuliza chochote hamsaidii.

Hali ikibadilika ghafla, ndani ya siku chache, apimwe malaria, mkojo na sukari siku hiyohiyo. La sivyo, mpeleke hospitali ya Bugando, Mwanza, kitengo cha afya ya akili, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji. Mkwe aende pia, aelezwe na daktari mbele ya wajomba kwamba hakuiba.