Swali la Msomaji: Nikague nini kabla ya kununua Euclid ya mwaka 1570?

SWALI: Mimi ni mhandisi wa barabara hapa Moshi na ninakusanya vitabu vya kale vya jiometri. Muuzaji wa London ananiuzia tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya kitabu cha jiometri cha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, iliyochapwa mwaka 1570. Amenitumia picha ya jalada na ya ukurasa wa jina, akisema nakala ni kamili. Je, nitume fedha?

JIBU: Ndugu mhandisi, usitume bado. Jalada la kitabu cha umri huo huenda limebadilishwa zaidi ya mara moja, na ukurasa wa jina huweza kung'olewa katika nakala mbovu na kupachikwa kwenye nyingine, hivyo picha hizo mbili hazithibitishi ukamilifu. (Kwamba kwenye ukurasa wa jina Euclid ameitwa mtu wa Megara, mji wa Ugiriki, kusikutie shaka, wasomi wengi wa zama hizo walimchanganya na mwanafalsafa wa mji huo mwenye jina hilohilo.)

Anzia Kitabu cha Kumi na Moja, yaani sehemu ya kumi na moja ya kazi hiyo, panapoanza jiometri ya maumbo yenye ujazo. Humo mchapaji John Day alibandika juu ya michoro vipande vidogo vya karatasi vilivyoshikwa kwa ukingo mmoja, ili msomaji avinyanyue na kuona piramidi ikisimama juu ya ukurasa. Vipande hivi hung'oka kwa urahisi, na wapo wanaoviziba kwa vipya bila kusema. Omba picha ya kila kimoja kikiwa kimelala na kikiwa kimesimama, na kwa karibu pale penye gundi, ulinganishe rangi ya karatasi na ya wino na ukurasa wenyewe. Uliza pia kuhusu jedwali la kukunjua linaloambatana na dibaji ya John Dee, mwanahisabati Mwingereza wa wakati huo.

Kisha omba kurasa kadhaa zipigwe picha zikimulikwa kwa nyuma. Karatasi ya wakati huo ilitengenezwa kwa mkono kwenye fremu ya waya, na mistari ya waya huonekana kwenye mwanga. Ukurasa usio na mistari hiyo umeongezwa baadaye, kwa kuwa karatasi laini ya aina hiyo ilianza kutumika Ulaya katika karne ya 18.

Neno "kamili" liandikwe kwenye ankara, pamoja na haki ya kurudisha kitabu. Iwapo vipande vichache vimepotea na bei ikashuka ipasavyo, mimi ningenunua. Lakini vikiwa vimezibwa kimyakimya, ningeachana na muuzaji huyo.