Maswali ya Wasomaji: Mohamed Amin alinusurikaje Addis Ababa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasomea uandishi wa habari. Mwalimu ametuambia Mohamed Amin, mpiga picha wa habari kutoka Kenya, alikatika mkono vitani Ethiopia na bado akarudi kazini. Ilikuwaje? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, ila vita yenyewe ilikuwa imeshaamuliwa. Mengistu, mtawala wa Ethiopia, alikwishakimbilia Zimbabwe, na wapiganaji wa EPRDF, muungano wa waasi, waliingia Addis Ababa tarehe 28 Mei 1991. Wiki moja baadaye, 4 Juni, ghala la silaha likaanza kulipuka jijini. Mo, kama wenzake walivyomwita, akaenda kulipiga picha. Mlipuko mwingine ukawakuta hapo. Yeye alipoteza mkono wa kushoto. John Mathai, fundi sauti wake, alifariki.

Mimi nimefanya kazi ya fundi sauti miaka mingi, kwa hiyo jina la Mathai siwezi kulipita haraka. Mpiga picha ana jicho moja kwenye kamera na haoni pembeni. Fundi sauti ndiye anayemlinda mgongo, lakini naye ameziba masikio kwa hedifoni, anasikia kule maikrofoni inakoelekea tu. Wawili hao wanaendana hatua kwa hatua. Bomu likianguka, linawakuta pamoja. Kila ukisoma habari ya Mo, mtafute na Mathai ndani yake. Mara nyingi hutamkuta, na hilo linaniuma.

Mo alinusurika kwa sababu walikuwapo watu wa kumtoa na kumfikisha hospitali, kisha akasafirishwa Nairobi. Baadaye alitengenezewa Marekani mkono wa bandia, akaishika kamera tena. Ujasiri wake haukuanza hapo: ni yeye aliyepiga picha za njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mwaka 1984 zilizoishtua dunia. Alifariki 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Sasa wewe. Ghala la silaha halilipuki mara moja likaisha. Moto hutambaa kutoka sanduku hadi sanduku, na ukimya wa katikati ndio unaowavuta watu wasogee. Usisogee. Piga picha kutoka mbali, nyuma ya ukuta imara, hata kama mhariri atanung'unika kwamba picha ni ndogo.

Na kabla ya kununua kamera, jifunze huduma ya kwanza. Jeraha la mkono linaloruka damu humwua mtu kwa dakika chache tu. Funga kitambaa kipana kuuzunguka mkono, kati ya jeraha na bega, usifunge kwenye kiwiko, pitisha kijiti na usokote mpaka damu ikome. Atapiga kelele za maumivu, usilegeze. Andika saa uliyofunga, daktari ataiulizia.